Bwana Miti na Kichaka cha Kwa Ntandu

Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1977. Joto tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Sepuka yakakaa pale mchana kutwa, mvua haikushuka. Upepo wa vumbi ulipita ukabeba nyasi za paa la jiko la jirani.

Bwana Miti yuko hapa nyumbani leo. Nimewahi kumwandika vipande vipande katika daftari hili, lakini sijawahi kukaa nikamwandika mtu kamili. Najaribu sasa. Elimu yangu ni darasa la nne, iliyobaki niliipata kwenye masomo ya watu wazima, kwa hiyo nikikosea si kwa ubaya. Nilichokiona nitasema nimekiona, na nilichosikia nitasema nimesikia. Ugonjwa huo ni yeye aliyeniambukiza.

Jina lake ninalijua, ila hapa kwetu hakuna aliyewahi kulitumia. Tangu alipokuja mara ya kwanza, uhuru ukiwa bado mchanga, tulimwita kwa kazi yake. Kazi ya mshahara ilikuwa miti: kuzuia watu wasikate ovyo, kugawa miche, kuwaandika wanaochoma mkaa bila kibali. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Alikuwa anakata tawi dogo lenye maua au matunda, analilaza ndani ya gazeti la zamani, jani moja chali na jingine kifudifudi, kisha anayabana magazeti kati ya fremu mbili za mbao na kuyakaza kwa mikanda ya ngozi. Kila jioni aliyatoa magazeti yaliyolowa akaweka makavu. Tawi likishakauka kabisa alilituma, pamoja na karatasi ndogo aliyoiita lebo, kwenye nyumba moja kubwa huko mbali ambako mimea mikavu ya nchi nzima inawekwa makabatini. Alisema huko kila mmea una jalada lake kama mtumishi wa serikali, ila mimea haiombi likizo.

Magazeti yale aliyaomba kwa wenye maduka mjini Singida, na hakuweza kubadilisha gazeti bila kulisoma. Nilikuwa napepeta uwele uani, naye yuko chini na mikanda yake, mara anainua kichwa.

"Mama Elia, umesikia? Mkutano umeahirishwa."

"Mkutano gani tena, Bwana Miti?"

"Wa..." Anageuza gazeti kutafuta tarehe. "Wa mwaka juzi."

Baba alikuwa anamwambia, "Wewe ukifa utapata habari yake baada ya miaka miwili." Anacheka, anarudi kusoma. Habari za zamani alizichukulia kwa uzito uleule. Nilimwona amehuzunika kabisa kwa ajili ya timu iliyofungwa zamani, timu ambayo hata haikuwepo tena.

Watu walimshangaa kwa sababu anakusanya majani na hamtibu mtu. Siku moja jirani yetu Mama Hamisi alimfuata.

"Bwana Miti, mtoto tumbo linamkata. Lile jani ulilobeba jana linatibu nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Najua linaitwaje."

"Sasa nimpe jina anywe?"

Watu walicheka sana, na yeye akacheka. Tangu hapo vijana wakamwita Mganga wa Majina. Lakini haki ni haki: kesho yake alirudi na baiskeli jasho likimtoka, amebeba dawa ya tumbo kutoka zahanati. Hilo la kurudi halisimuliwi. Wanasimulia la kuchekesha tu.

Aliogopa ng'ombe. Miaka yote ile kati ya wafugaji hakuwahi kupita karibu na zizi bila fimbo, na fimbo yenyewe aliishika vibaya. "Bwana Miti, huyo ni ndama!" baba anamwambia. Naye anajibu kwa sauti ya ofisini, "Ndama ana mama yake."

Nisije nikamfanya mtu wa mzaha tu. Alikuwa mkali. Mama yangu alikata mninga mchanga apate nguzo ya kuegemeza paa, Bwana Miti akamwandika, akamwamuru apande miche, ingawa alikuwa mgeni wetu wa karibu kila mwezi. Mama hakusahau. Alikuwa anamwita "yule mwandishi". Na kweli Bwana Miti mwenyewe alilala kwenye kitanda cha mninga, kipana, nimekiona kwa macho yangu nilipopeleka kuku nyumbani kwake. Baba alipomuuliza alisema mti ule ulianguka wenyewe. Mtu huyu sijawahi kumkuta na uongo kwenye lebo. Kuhusu kitanda sina la kusema.

Lebo ndiyo ilikuwa dini yake ya pili, ukitoa ile ya kwanza iliyotufanya tumwite mzee wa Kiislamu wa jirani achinje kila alipokuja. Sharti lake lilikuwa moja: andika hapohapo ulipokata, kabla hujainua mguu. Nani amekata, mahali gani, tarehe, udongo wa namna gani, maua rangi gani, maana rangi hufa mmea ukikauka. Nilimuuliza kwa nini asiandike jioni, amekaa, amepumzika, ana kivuli. Akasema, "Ukifika nyumbani umeshaanza kutunga." Na pia alisema, hili alilirudia mara nyingi, tawi bila lebo ni majani ya mbuzi.

Sasa kichaka.

Kilikuwa nyuma ya zizi letu la zamani, kule porini magharibi ya Sepuka ambako udongo ni mwekundu na maji ni shida. Kichaka cha kawaida, kinanifika begani, majani madogo ya rangi ya majivu yenye manyoya kama sikio la mbuzi. Sisi tulikiita kichaka cha majivu. Hakifai kuni, moshi wake unaumiza macho, na mbuzi hawakili. Bwana Miti alipokiona, mwaka wa kwanza au wa pili wa kuja kwake, alikizunguka akasahau hata ng'ombe. Kilikuwa na maua meupe kabla ya mvua, bila jani hata moja. Akakata, akakaa chini, akatoa penseli.

"Mzee Ntandu, hapa panaitwaje?"

"Hapa? Hapa ni kwa Ntandu," baba akasema.

Akaandika hivyo. Nilikuwepo nimebeba maji. Sepuka, kwa Ntandu, nyuma ya zizi.

Hapo lazima nieleze, kwa sababu jambo lote limetoka hapo. Kwetu Unyaturu watu hawakukaa kwa mitaa. Kila mzee alikuwa na tembe lake na zizi lake, mbali na mwenzake, na mahali paliitwa kwa mwenye zizi. Kwa Ntandu, kwa Mghenyi. Mzee akihama, jina linahama naye, na alikotoka panakuwa mahame tu. Hatukuona haja ya kumweleza Bwana Miti. Ni kama kumweleza mtu kwamba kofia inakwenda na kichwa.

Ikaja Operesheni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini. Tulihamishwa wote tukaletwa hapa barabarani, nyumba zimepangwa mistari, shule karibu, bomba likaahidiwa na kweli mwaka uliofuata likaja. Baba alichaguliwa balozi wa nyumba kumi za mstari wetu, akapewa bendera ya kutundika mlangoni. Wakati ule Bwana Miti alikuwa amepelekwa kufanya kazi upande wa Kintinku, hakutuona tukihama.

Kabla hajarudi, alikuja kijana mmoja, mtaalamu wa mimea, ametumwa na ile nyumba kubwa. Walikuwa wanataka matunda ya kichaka kile. Inaonekana, kama nimeelewa vizuri, maua yake yanafanana na ya kichaka kingine cha nchi kavu kilicho mbali kaskazini, na bila matunda hawawezi kusema kama ni kilekile au ni aina yake peke yake. Kijana alikuwa na nakala ya lebo. Akauliza kwa adabu, "Samahani, kwa Ntandu ni wapi?" Mtoto wa kwanza aliyemkuta akamleta hapa, mstari wa tatu. Akatafuta nyuma ya zizi. Akatafuta kijiji kizima na mashamba yake, jua limemchoma. Akatuuliza kama kuna kichaka cha namna hii hapa kwa Ntandu, tukasema hapana, hapa hakipo. Hatukumdanganya. Tulimjibu alichouliza. Naye aliandika alichokiona.

Barua ikamfikia Bwana Miti Kintinku. Mmea haupo mahali palipotajwa, kumbukumbu ina shaka. Na kwa kuwa moja ina shaka, matawi yake yote aliyotuma tangu uhuru yametolewa makabatini na kuwekwa kando mpaka yahakikiwe, na yasipohakikiwa yataondolewa. Yote.

Alikuja na barua ile mwezi wa tano mwaka juzi. Sikuwahi kumwona vile. Hakusalimia vizuri, alisema "hamjambo" kwa wote kwa pamoja kama mtu anayepita, jambo ambalo hapa hata mtoto hafanyi. Akampa baba barua, akakumbuka baba hajui kusoma, akaichukua tena akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno shaka alilisoma mara mbili.

"Nimesema uongo mimi, Mzee Ntandu?"

"Hukusema uongo. Sisi ndio tumehama."

"Sasa kichaka kiko wapi?"

"Kiko kule kule. Kichaka hakina Operesheni," baba akasema, kisha akatazama mlangoni kama kuna aliyemsikia.

Maana mahame palikuwa pamekatazwa. Nataka kumtendea haki Mwenyekiti wetu wa kijiji. Si mtu mbaya. Yeye naye alihamishwa, mizinga yake ya nyuki iko kule, na kaburi la baba yake pia. Lakini wakubwa wa wilaya walikuwa wamemwambia wazi kwamba akirudi mmoja watarudi wote, na atajibu yeye. Na hawakuwa wanakosea. Sisi wenyewe tulikuwa tunatega masikio tusikie nani amethubutu. Kijiji cha pili mzee mmoja alikutwa anaezeka upya tembe lake la zamani, akachukuliwa, akarejea baada ya muda akiwa mtu wa kuitikia tu. Na kazi ya balozi ilikuwa ni kuhakikisha hakuna wa mstari wake anayerudi mahame. Baba ndiye alikuwa mlinzi wa mlango huo.

Bwana Miti alijaribu peke yake kwanza. Jioni alirudi shati limechanwa na miiba. Njia zilikuwa zimefungwa na pori. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumfikisha nyuma ya zizi lile ila aliyelijenga.

Hawakujadiliana mbele yangu. Asubuhi baba alichukua panga akasema anakwenda kutafuta dawa ya ng'ombe. Mama akasema, "Ng'ombe yupi anaumwa?" Baba alikuwa ameshatoka. Mimi nikafuata nyuma na kibuyu cha maji, hakuna aliyenituma na hakuna aliyenirudisha.

Tulitembea. Baba alikuwa anasimama kila mara anasikiliza. Ndege akiruka, tunasimama. Tulipofika sikupatambua. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa, udongo wa tembe umelowa ukaporomoka ukawa kama kaburi kubwa, na ndani ya zizi nyasi zimenipita kimo. Baba alisimama palipokuwa mlango wake. Nilidhani atalia. Alisema tu, "Mchwa wamefanya kazi," akapita nyuma.

Kichaka kilikuwepo. Kilikuwa kimenenepa. Na kilikuwa na matunda, madogo, makavu, kila moja lina mabawa manne kama karatasi. Bwana Miti alipiga magoti. Alikata matawi kwa mkasi wake taratibu sana, akayapanga kwenye magazeti, akakaza mikanda. Akakaa chini akatoa penseli, kama siku ile ya kwanza.

Akaandika tarehe. Akaandika rangi ya matunda. Penseli ikasimama.

Alimtazama baba. Baba alikuwa amesimama anatazama njia tuliyokuja. Nilielewa kabla sijaambiwa. Akiandika mahali pa kweli, ameandika kwamba alikuwa mahame, na kwamba kuna aliyempeleka, na anayejua zizi la Ntandu lilikuwa wapi ni Ntandu. Asipoandika, yale matawi yake yote ya miaka yote yanatupwa.

"Andika pengine," baba akasema. "Andika Mgori. Kule kuna msitu, nani atauliza?"

"Mgori sijakiona."

"Basi andika Sepuka, inatosha."

"Sepuka bila zizi ndiyo ileile shaka. Lazima niseme ni pale pale pa kwanza."

"Basi andika kama ilivyo!" baba akasema kwa hasira. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Bwana Miti aliuona.

Alirudisha penseli mfukoni. Mara hiyo tu, kwa ninavyojua mimi, aliondoka mahali bila kuandika.

Mwenyekiti alitukuta tunaingia kijijini. Labda aliambiwa, labda alipita tu, sijui, na sitamsingizia mtu. Alimwamkia baba shikamoo kama kawaida, baba akaitikia marahaba, kisha akasema, "Bwana Miti, fungua nione."

Fremu zikafunguliwa palepale barabarani. Mwenyekiti akainua gazeti kwa vidole viwili. Watu wakaanza kusogea.

"Hii imetoka wapi?"

"Porini."

"Pori gani?"

Bwana Miti alikuwa anaweza kusema Mgori. Neno moja tu, tungepita.

"Bado sijaandika," akasema.

Mwenyekiti alimtazama, akamtazama baba na panga lake, akanitazama mimi. Hakuwa mjinga. Nadhani alijua. Nadhani pia hakutaka kujua mbele ya watu.

"Ukishaandika," akasema polepole, "utaniletea nisome kwanza. Karatasi inayotoka hapa lazima niione."

"Nitakuletea."

"Umeahidi."

"Nimeahidi."

Bwana Miti akaondoka na matawi yasiyo na lebo. Yamekaa hivyo tangu siku ile mpaka leo. Hakuandika, kwa sababu akiandika ameahidi kuleta, na akileta amemfunga baba. Kila alipopita alikuwa anasema habari za magazeti, anacheka, lakini alikuwa amekonda. Nilisikia ofisini kwake vijana walikuwa wanamtania: "Mzee, leo umekata nini cha kubuni?" Hilo nimelisikia tu. Baba naye alikuwa mkali zaidi kuliko mabalozi wote katika kuwakataza watu mahame, hata akagombana na mdogo wake. Sijui alikuwa anaificha safari ile au aliamini anachosema. Labda vyote viwili.

Leo mchana Bwana Miti alikuja kwa miguu. Baiskeli ameirudisha ofisini, kazi yake inakwisha mwezi huu. Alisalimia vizuri, mmoja mmoja, akamuuliza mama habari za mgongo. Kisha akafungua mfuko akatoa magazeti yale, akayaweka juu ya kiti.

"Nimekuja kuyaacha," akasema. "Nikikabidhi ofisi lazima niseme kila tawi limetoka wapi. Hili siwezi kusema. Wapeni mbuzi."

"Mbuzi hawakili hicho kichaka," mama akasema.

Nusura nicheke, lakini hapakuwa pa kucheka. Bwana Miti alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti. Baba alikuwa anayatazama magazeti.

"Na yale mengine?" baba akauliza. "Ya kwa Mghenyi, ya Kintinku, yale ya miaka yote?"

"Yatatolewa."

"Yote?"

"Mzee Ntandu, tumeshaongea hayo."

"Hatujaongea. Wewe ulinyamaza na mimi nikanyamaza." Baba akanigeukia. "Mama Elia, kamwite Mwenyekiti."

Mama akasema, "Baba Mkubwa, acha." Humwita mumewe hivyo anapoogopa. Baba akarudia, "Kamwite."

Nilikwenda. Mwenyekiti alikuwa ofisini anafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Nikamwambia baba anamwita, na Bwana Miti yupo. Hakuuliza kwa nini. Alichukua kofia yake, tukatembea pamoja, na njia nzima alisema jambo moja tu: "Mvua hii inatuchezea."

Alipokaa, Bwana Miti akasema, "Niliahidi kukuletea. Sijaandika bado. Nitaandika mbele yako." Akatoa penseli na karatasi, akaiweka juu ya goti, akawa anasema kila neno analoandika. Kichaka, kimo cha bega la mtu. Matunda yana mabawa manne, rangi ya udongo. Tarehe ya mwezi wa tano mwaka juzi. "Magharibi ya Sepuka, nyuma ya zizi, mahame ya..."

"Ngoja," Mwenyekiti akasema.

Akavua kofia yake.

"Andika magharibi ya Sepuka, ukome hapo. Mimi nitasema nimesoma. Nani atateseka?"

Nasema tena si mtu mbaya. Alikuwa anatupa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Bwana Miti alimtazama baba, wala si kwa kuomba. Alikuwa tayari kukomea hapo, naapa alikuwa tayari, penseli ilikuwa imeshainuka.

"Kwangu kulikuwa kule," baba akasema. "Huyu hakudanganya. Andika kwa Ntandu, na andika kwamba Ntandu ndiye aliyekupeleka."

"Mzee," Mwenyekiti akasema, "unajua maana yake? Wewe ni balozi."

"Najua."

"Watu uliowakataza watasemaje?"

"Watasema nilikwenda. Nilikwenda."

Bwana Miti akaandika. Mahame ya kwa Ntandu, ambaye sasa anakaa kijijini barabarani, na ndiye aliyenionyesha. Ndipo mahali palepale pa lebo ya kwanza. Akampa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliisoma midomo ikicheza, akarudia tangu mwanzo, akairudisha.

"Basi siwezi kukuacha na ubalozi, Mzee," akasema. Hakumtazama.

Baba aliinuka, akatoka, akateremsha bendera mlangoni, akaikunja vizuri kama shuka, akampa kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameziba mdomo na khanga.

"Wilayani," Mwenyekiti akasema, "nitaandika kwamba umejiuzulu kwa sababu ya uzee. Yaishe hapo."

Nilimwona Bwana Miti akifungua mdomo. Ni karatasi ya serikali ile, na maneno yake si kweli. Nilimwona kabisa anavyoteseka. Akaufunga.

Kesho atapanda basi kwenda kutuma tawi lake. Kama watakubali huko, kama matawi yake yatarudishwa makabatini, mimi sijui, na yeye amesema hajui. Watu wa mstari wetu wameshaona mlango hauna bendera. Mama Hamisi alipita mara mbili bila sababu, na shemeji yangu alipita bila kusalimia. Kesho itakuwa ngumu. Baba amesema tumwache Bwana Miti alale.

Jua lilipozama chakula kilikuwa tayari, na Mwenyekiti alikuwa bado amekaa na bendera mapajani, na mtu aliyekukuta unapakua humwachi aondoke. Mama akamwekea maji ya kunawa, akasema, "Karibu, mwanangu." Akanawa. Wanaume watatu walikula sinia moja, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kidogo, nasi tukala jikoni huohuo ugali, bila maziwa.